Pasipoti Tatu za Kwenda Lisbon

Alhamisi, saa moja kasorobo asubuhi, Jemutai alipanda juu ya stuli, akashusha mkebe wa biskuti kutoka juu ya kabati la sebuleni na kuufungua. Haukuwa na kitu. Aliupindua akautikisa, kama mtu anayetafuta biskuti ya mwisho. Halafu akapiga kelele zilizosikika hadi kwa jirani.

Mkebe huo ulikuwa na pasipoti tatu: yake, ya kaka yake Vincent Kimeli, na ya Mwalimu Nelima, rafiki yao na mwenye nyumba hiyo waliyolala. Kila moja ilikuwa na viza ya Ulaya iliyochukua miezi minne kupatikana, na viza yenyewe ilikuwa ya juma moja tu, kuanzia siku hiyo. Ndege ya kutoka Eldoret kwenda Nairobi ilikuwa iondoke saa kumi jioni, na usiku huo huo waunganishe hadi Lisbon. Tiketi zilikuwa za bei ya chini kabisa, zile ambazo ukichelewa hakuna wa kukurudishia kitu.

Sajini Sifuna alifika saa mbili na nusu, Konstebo Waithira akiendesha gari. Nyumba ilikuwa Kiplombe, nje kidogo ya Eldoret, nyumba ya mawe yenye bati jekundu, mahindi yamefika kifuani huku nyuma na ng'ombe wawili wamefungwa kando ya choo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Sifuna alizunguka nyumba mara moja kabla ya kuingia. Hakuona dirisha lililovunjwa wala kitasa kilichochezewa. Njia ya mlango wa jikoni ilikuwa ya saruji, na mvua ilikuwa imeiosha ikabaki safi. Alama hakuna.

Alipoingia alikuta watu wanne wameketi. Mwalimu Nelima alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita aliyefundisha jiografia shule ya upili kwa miaka ishirini. Jemutai alikuwa na saluni mjini. Vincent, kaka yake, aliwahi kuwa mkimbiaji. Wa nne alikuwa Maximilla, rafiki yao wa kwaya, ambaye aliomba viza pamoja nao akanyimwa. Alikuja kulala hapo ili awasindikize uwanja wa ndege.

"Funguo za nyumba ziko ngapi?" Sifuna aliuliza.

"Mbili," Nelima alisema. "Moja ninayo. Nyingine anayo mzee wangu, Baba Sharon. Yuko Moi's Bridge tangu Jumanne, tuna shamba huko. Wanaweka mbolea ya pili."

"Mmempigia?"

"Nimempigia. Ameshtuka sana. Amesema anakuja sasa hivi."

Sifuna alitoka nje akampigia simu Wabuge, mume wa Nelima, yeye mwenyewe. Wabuge alisema alilala kwenye stoo ya mahindi huko shambani, kama kawaida yake, na kwamba anawapangia vibarua kazi ndipo aondoke. Sifuna akaomba namba ya msimamizi wa shamba, mtu anayeitwa Shitanda, akampigia.

"Gari la bosi lilitoka usiku?"

"Halikutoka, afande. Hiyo pikapu ilikuwa mbele ya mlango wangu usiku wote. Hata kuku walilala juu yake."

Sifuna alikata simu. Alimwambia Waithira kwamba mume yuko mbali na gari lake halikutoka, kwa hiyo kazi iko hapa hapa ndani ya nyumba. Waithira akasema yeye alikuwa ameshajua hivyo tangu alipoona kitasa.

Walianza na Mwalimu Nelima, jikoni, mlango umefungwa.

"Niambie mambo ya jana, toka mwanzo," Sifuna alisema.

"Tulikula pamoja. Nilichinja jogoo. Tukaomba, kila mtu akaweka mkono juu ya zile pasipoti, Jemutai akaombea ndege na rubani na hata wale wapishi wa ndege. Tukazirudisha kwa mkebe. Saa nne hivi Jemutai alizitoa akazipiga picha ya kuweka kwa simu yake, akarudisha. Nilimwona mimi mwenyewe. Halafu tukalala."

"Nani alilala wapi?"

"Mimi chumbani kwangu. Jemutai na Maximilla kile cha wasichana. Vincent kile kidogo cha nyuma. Watoto wako shule, bweni."

"Na hapa sebuleni?"

"Hakuna."

"Ulisikia kitu?"

"Na ile mvua juu ya bati? Hata ng'ombe wangeimba nisingesikia."

"Kwa nini Lisbon, Mwalimu?"

Nelima alimwangalia kana kwamba swali lilikuwa la kipumbavu. "Ni kwa sababu ndiyo ilikuwa rahisi. Vincent alikimbia mbio huko zamani, akatuambia kuna hosteli ya vitanda vya ghorofa, watu wanane chumba kimoja. Siku nne. Tutatembea kwa miguu, tutabeba unga wetu. Afande, mimi nimefundisha ramani ya Ulaya miaka ishirini na sijawahi hata kupanda ndege. Watoto huniuliza, Mwalimu, huko kukoje? Ninawasomea kitabu. Nikikosa leo, sitaenda tena. Najijua. Nitapata sababu ya kila mwaka."

Alisema hayo bila kulia.

Jemutai aliingia na simu yake mkononi. Picha ilikuwepo: pasipoti tatu zimepangwa juu ya kitambaa cha meza, vidole vyake vyenye rangi nyekundu vikionekana pembeni. Ilipigwa saa nne na dakika kumi na mbili usiku.

"Ni Maximilla," alisema kabla ya kuulizwa.

"Umemwona?"

"Sijamwona. Lakini afande, msikilize mwenyewe. Jana tukiwa mezani alisema, 'Mungu akipenda nyote mtabaki hapa tukule ugali pamoja.' Akacheka. Sisi tukacheka. Nani anasema hivyo kwa mtu anayesafiri?"

"Mlilala chumba kimoja. Aliamka?"

"Aliamka saa kumi na moja, akasema anaenda kupika chai."

"Kabla ya hapo?"

"Mimi nikilala nimelala."

Waithira alikuwa ameshapekua mizigo. Hakukuwa na pasipoti. Alichokuta kilimchekesha. Mzigo wa Jemutai ulikuwa na pakiti nane za vitafunio na kikaango kidogo. Wa Nelima ulikuwa na kilo mbili za unga na koti zito la sufu, refu hadi magotini, la mtumba, lililochukua nusu ya begi.

"Hilo koti nimemwambia aache," Vincent alisema akiwa mlangoni. "Lisbon mwezi wa saba ni jua, jua kweli kweli. Ananiambia eti Ulaya ni Ulaya."

"Wewe ingia," Sifuna alisema. "Umejileta."

Vincent aliketi mguu mmoja ukiwa umenyooshwa. Alikuwa mrefu, mkavu, na alivaa viatu vya kukimbilia vyeupe.

"Asubuhi ulitoka," Sifuna alisema.

"Nilienda kukimbia. Saa kumi na moja na nusu. Nilirudi saa kumi na mbili na nusu. Ni kawaida yangu, kila mtu anajua."

"Ulipita njia gani?"

"Hii ya chini. Nikazunguka hadi kule kwa kanisa, nikarudi."

"Kilomita ngapi?"

"Kama kumi na mbili."

Sifuna aliangalia viatu. "Vincent, hiyo njia ya chini ni udongo mwekundu. Mimi nimetoka garini nikatembea hatua chache tu, angalia suruali yangu. Wewe umekimbia kilomita kumi na mbili baada ya mvua ya usiku kucha na viatu vyako vinaweza kuvaliwa harusini."

Vincent aliinama akaviangalia viatu vyake.

"Saa nzima ulikuwa nje, peke yako, na pasipoti hazipo. Ulizipeleka wapi?"

"Sikuzipeleka mahali."

"Basi nitakubeba. Utaenda kukumbukia kituoni."

"Afande, tafadhali." Alitazama mlango, akapunguza sauti. "Nilitembea kwa lami hadi stendi, nikakaa kwa kibanda cha chai. Nikanywa vikombe viwili. Yule mama wa chai anaweza kukwambia. Hili goti limekufa miaka mitatu sasa. Siwezi kukimbia hata nikifukuzwa na nyuki. Lakini kila asubuhi natoka, kwa sababu Jemutai anaambia wateja wake saluni eti kaka yake anarudi kwenye mbio. Usimwambie."

"Unawadanganya na kikombe cha chai?"

"Viwili."

Waithira alienda stendi akarudi baada ya dakika kumi. Mama wa chai alisema yule mrefu huja kila akiwa Kiplombe, hukaa kona ile ile, na kabla ya kuondoka hujimwagia maji kidogo usoni ili aonekane ametoka jasho. Sifuna alimwacha.

Akabaki Maximilla. Alikuwa karani kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mnene, mchangamfu siku nyingine. Leo macho yake yalikuwa mekundu, hasa la upande wa kulia.

"Ulilia?" Sifuna aliuliza.

"Nililia, ndiyo. Jana usiku, chooni. Unataka niseme sikuona wivu? Niliona. Tuliomba pamoja, tukapiga picha pamoja, wao wakapewa, mimi nikaandikiwa barua eti hawana uhakika nitarudi. Mimi! Nina watoto wanne na kuku mia moja, nitabaki Ulaya nifanye nini?"

"Kwa hiyo ukasema Mungu akipenda wabaki."

"Huo ulikuwa utani wa mtu mwenye uchungu. Hujawahi?" Alifuta jicho. "Na hili jicho si kulia. Hili ni pilipili."

"Pilipili gani?"

"Nilipoamka kupika chai nikakuta bakuli dogo kwenye sinki, chafu. Nikaliosha. Lilikuwa na pilipili ya kutisha, nikajishika jicho, karibu nipofuke. Ni Vincent huyo. Usiku tamaa imemshinda, akaamka akala firigisi ya watu."

Sifuna aliacha kuandika. "Firigisi?"

"Ya yule jogoo. Jana Vincent aliiomba mezani. Nelima akamwambia, hapana, hii kwetu ni ya mwenye boma, hata akiwa Moi's Bridge ni yake. Akaiweka kwa bakuli akafunika na sahani, ndani ya kabati la jikoni. Tukamcheka Vincent. Sasa asubuhi bakuli liko kwenye sinki, sahani iko pembeni, hakuna kitu. Nyama ile ingine yote ilikuwa kwa sufuria, haijaguswa hata kipande."

"Ulimwambia mtu?"

"Nilikuwa nimwaibishe wakati wa chai. Halafu Jemutai akapiga kelele, nikasahau."

Sifuna alimwambia aende. Waithira alikuwa akimwangalia.

"Sajini, tumeibiwa pasipoti na wewe unauliza mambo ya kuku."

"Wewe ni wa Nyeri," Sifuna alisema. "Kwenu firigisi mnaila tu?"

"Mwenye kuiwahi ndiye anayekula."

"Kwetu Bungoma hapana. Imondo, ndiyo hiyo firigisi, ni ya baba wa nyumba. Mtoto akiila atachapwa. Mgeni hawezi kuigusa mpaka apewe kwa mkono. Mama atakaa nayo siku mbili akimngoja mzee. Mimi mwenyewe nikirudi nyumbani saa nane za usiku, sufuria ya nyama sifungui, naenda moja kwa moja kwa bakuli langu." Alisimama. "Niitie Vincent."

Vincent alipoulizwa alikasirika kuliko alivyokasirika kuhusu pasipoti. "Mimi? Nimeambiwa mbele ya watu ni ya mwenyewe, halafu niamke usiku nimwibie ndani ya nyumba yake? Sina adabu namna hiyo. Na pilipili? Muulize Jemutai. Nikiweka pilipili mdomoni mimi hulia kama mtoto. Hata huko Ulaya nilikuwa nachunguza sosi kwanza."

Jemutai alithibitisha. Yeye pia hakuwa akila pilipili, alikuwa na vidonda vya tumbo. Maximilla hakuhitaji kuulizwa. Mtu aliyeipaka firigisi pilipili mwenyewe angejua asiguse jicho.

Sifuna alimwita Nelima tena. Ilikuwa saa tano kasoro robo.

"Mwalimu, nani katika nyumba hii anakula pilipili?"

"Ni Baba Sharon tu. Bila pilipili hawezi kumeza. Kwa nini?"

"Ile firigisi uliyoweka jana. Iko wapi?"

Nelima alifungua kabati la jikoni. Rafu ilikuwa tupu. Chupa ya pilipili ya mume wake, ambayo hukaa nyuma ya mafuta ya kupikia, ilikuwa mbele. Nelima aliitazama kwa muda, akafunga kabati polepole, akaketi juu ya gunia la viazi.

Alitoka nje akampigia Shitanda mara ya pili.

"Shitanda, asubuhi nilikuuliza gari. Sasa nakuuliza, una pikipiki?"

"Ninayo, afande."

"Jana usiku ilikuwa wapi?"

"Bosi aliiazima baada ya chakula. Akasema anaenda kuangalia mtu. Alirudi alfajiri amelowa kama panya. Mafuta yalikuwa yamekwisha kabisa."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza pikipiki."

Sifuna aliporudi ndani Nelima alikuwa amesimama, anachochea moto wa chai. "Anakuja?" aliuliza.

"Atafika muda si mrefu. Mwalimu, nitaanza na pikipiki aliyoazima usiku. Msimamizi wake amesema."

"Hapana. Nipe nafasi nimuulize mimi. Swali moja. Nikishindwa, endelea na mambo yako."

Wabuge alifika na pikapu yake saa tano na nusu. Alikuwa mwanaume mpana wa miaka hamsini hivi, koti la ngozi, buti za mpira zenye matope, macho ya mtu ambaye hajalala. Alimshika mke wake mkono, akamshika Vincent bega, akawapa pole kila mmoja kwa jina.

"Hii ni kazi ya shetani," alisema. "Lakini tusife moyo. Ulaya haihami. Mwaka ujao mtaenda, na mimi ndiye nitawapeleka uwanjani. Afande, umepata fununu yoyote?"

"Bado naangalia," Sifuna alisema.

"Angalia majirani. Siku hizi watu wana roho mbaya."

Nelima alikuja na trei. Alimpa mume wake kikombe kwanza, kama alivyofanya kila siku, akaweka sukari vijiko vitatu, akakoroga. Wabuge aliegemea kiti, akanywa, akafumba macho. Alikuwa amechoka kwelikweli. Alikuwa amekaa juu ya pikipiki kilomita zaidi ya mia moja ndani ya mvua.

"Baba Sharon," Nelima alisema, sauti ya kawaida kabisa. "Ile firigisi iliiva vizuri?"

"Iliiva," Wabuge alisema. "Asante."

Kisha akafumbua macho.

Jemutai alifungua mdomo, Maximilla akamfinya. Wabuge aliweka kikombe chini.

"Ninasema... kwa kawaida huwa inaiva," alisema.

"Niliipika jana jioni," Nelima alisema. "Wewe ulikuwa Moi's Bridge."

"Shitanda amesema kuhusu pikipiki," Sifuna aliongeza. "Na mafuta yaliyokwisha. Usijisumbue, Mzee. Ziko wapi?"

Wabuge alitazama sakafu. Alipoanza kusema hakumtazama Sifuna.

"Ziko kwa pikapu, chini ya kiti. Nilitaka kuzitupa mtoni. Nilisimama juu ya daraja, nikazitoa. Nikafungua ya kwake, nikaiona picha. Nikashindwa."

Waithira alitoka mara moja. Jemutai akamfuata akikimbia bila viatu.

"Lakini kwa nini?" Vincent aliuliza. "Wewe ndiye ulisimama kanisani ukasema mke wako anaenda Ulaya. Ulituambia tumwangalie vizuri. Uliuza ndama!"

"Niliuza. Ningefanya nini? Angeniomba mbele ya watu wote, nikatae, waniite nini? Mwanaume anayefunga mke kama mbuzi? Nikasema nimekubali. Halafu nikienda kule shambani wanaume wananicheka. Wananiambia, Wabuge, mke wa yule jirani wa kinu cha unga alienda Ujerumani wiki mbili. Huu ni mwaka wa saba. Mume anapika mwenyewe. Wananiuliza umejifunza kusonga ugali? Kila siku, wakiniona, wanaonyesha na mkono hivi, wanasonga."

"Wanakutania," Maximilla alisema.

"Nilijua wananitania. Mpaka nikaona lile koti." Sasa alimgeukia mke wake. "Jumatatu ulipanga begi. Vincent mwenyewe alisema huko ni jua. Siku nne, jua, na wewe unanunua koti la baridi kali, unalikunja vizuri, unaliweka chini kabisa. Nikajiuliza, koti hilo ni la mwezi wa saba au la mwezi wa kumi na mbili?"

Nelima hakuelewa kwa muda. Alipoelewa alicheka, kicheko kifupi kibaya.

"Mimi nimeona Ulaya kwa vitabu," alisema. "Kwa vitabu vyote ni theluji. Hapa Eldoret kwenyewe mwezi wa saba tunavaa sweta mbili. Niliogopa baridi, Wabuge. Kitu hicho tu. Ungeniuliza ningekwambia."

"Ningekuulizaje? Ningesema, mke wangu, unanikimbia?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo."

"Na kwa nini zote tatu?" Sifuna aliuliza. "Ungechukua ya kwake tu."

"Ningechukua ya kwake peke yake, si kila mtu angenijua?"

Sifuna alikubali kwamba hilo lilikuwa na akili. Lakini kulikuwa na jambo moja lililomkera tangu asubuhi, na halikuwa la sheria.

"Niambie, Mzee. Uliingia kuiba. Umelowa, umeshika mkebe. Kwa nini ulienda kwa kabati la jikoni?"

"Nilikuwa na njaa. Nikafungua nikaona bakuli limefunikwa." Wabuge alipangusa uso kwa kiganja. "Nilijua ni yangu. Nilikula nikiwa nimesimama gizani, buti nimeziacha mlangoni."

"Uliona amekuwekea, na wewe hukuwepo. Ukala. Halafu bado ukaondoka nazo."

Nelima alichukua kikombe cha mume wake ambacho hakikuwa kimeisha, akakipeleka jikoni, na wakasikia akikimwaga.

Waithira alirudi na pasipoti zikiwa kwenye mfuko wa plastiki. Zilikuwa kavu. Viza zote tatu zilikuwa salama. Jemutai alikuwa nyuma yake, analia na kucheka, matope hadi magotini.

"Sasa sikilizeni," Sifuna alisema. "Huu ni wizi. Nahitaji taarifa ya mlalamishi, imeandikwa na kutiwa sahihi kituoni. Nani analalamika?"

Jemutai alimtazama Vincent, Vincent akatazama saa. "Sisi tumepata zetu," Vincent alisema. "Tuna ndege. Mambo ya mtu na mke wake tuache."

"Mimi nalalamika," Nelima alisema kutoka mlango wa jikoni.

Wabuge aliinua kichwa.

"Mama Sharon," Wabuge alisema.

"Niliibiwa ndani ya nyumba yangu. Aliyeniibia akanishika mkono akaniambia pole. Ninalalamika."

"Kuandikisha kutachukua muda," Sifuna alimwonya. "Kuna foleni, kuna ofisa wa kusoma na kupitisha. Ukienda sasa, ndege itakuacha."

"Basi nitaandikisha nikirudi. Tunafika Jumanne."

Alienda chumbani, akatoka na begi lake. Maximilla alimbebea upande mmoja. Jemutai alikuwa tayari nje akipiga honi ya gari la Vincent, ingawa kulikuwa na saa nne nzima kabla ya ndege kuondoka. Nelima alipofika mlangoni Wabuge aliinuka.

"Utarudi?" aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kuuliza swali hilo.

Nelima alisimama, akafikiria. Alikuwa mwalimu, hakupenda kujibu kabla hajajua jibu.

"Ungeniuliza jana, ningekucheka," alisema. "Leo niache niende kwanza."

Gari liliondoka. Waithira alienda kuwasha la polisi. Sebuleni walibaki Sifuna na Wabuge, na mkebe mtupu juu ya meza.

"Nifunge basi," Wabuge alisema.

"Siwezi. Mlalamishi ameondoka." Sifuna aliweka kalamu mfukoni. "Nenda ukalale. Kila asubuhi utaripoti kwangu. Na uelewe vizuri jinsi mambo yalivyo, Mzee. Akirudi Jumanne atakushtaki. Huyo mama hakuwa akikutisha bure, nimemwona. Utasimama kortini na kanisa lote litajua. Asiporudi, mimi sina kesi. Faili linafungwa, na wewe uko huru."

Wabuge aliketi akilitafakari jambo hilo. Mikono yake mikubwa ilikuwa juu ya magoti. Sifuna alikuwa amefika kwenye ngazi za nje aliposikia anaitwa.

"Afande. Jumanne ndege yao inatua saa ngapi?"

"Saa tano asubuhi, nadhani."

"Mimi nitakuwa uwanjani saa nne," Wabuge alisema. "Na wewe uje. Uje na pingu."